Saa ya Kufua Shaba

Kolwezi ni mji ambao hata muuza mikate anaweza kukwambia kama bei ya shaba ilipanda au ilishuka jana kule London. Watu wa hapa wanajua tani, wanajua asilimia, wanajua gunia lenye kobalti na gunia la mawe matupu kabla halijafunguliwa vizuri. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ikawa ya pili duniani nyuma ya Chile, na sehemu kubwa ya mzigo huo ilitoka jimboni kwetu, Lualaba. Lakini waulize ni wangapi wamewahi kuikunja shaba kwa mikono yao, wakaihisi inavyokubali na inavyogoma. Wengi watacheka. Shaba kwetu ni kitu cha kuchimba, kupima, kupakia, na kusindikiza kwa macho lori linapoelekea mpaka wa Kasumbalesa.

Mimi huifua. Huifua jioni, kwenye lupangu, baada ya bukari, mbabula ikiwa bado ina makaa mekundu ambayo yangekufa bure. Ni saa moja hivi, mara nyingine pungufu. Umeme ukikatika hakuna kinachosimama, maana kazi hii haiujui umeme. Watu huniuliza nilipata wapi nidhamu ya kukaa chini kila siku, nami sina la kujisifia: saa hiyo sikuipanga mimi. Shaba yenyewe ndiyo iliyoipanga.

Bamba ninalotumia ni jembamba, unene wa nusu milimita. Likiwa limechomwa vizuri huwa laini kiasi kwamba linapinda kwa vidole. Umbo unalichora kwa kalamu, kisha unalilaza bamba kifudifudi juu ya kipande cha mpira wa tairi na kuanza kulisukuma kwa nyuma kwa kijiti cha mti mgumu chenye ncha ya mviringo. Kwanza kwa nguvu ya kiganja tu, baadaye kwa nyundo ndogo juu ya kijiti. Sehemu unayoitaka inavimba kidogo kidogo upande wa pili. Ukiridhika unaligeuza, na kwa msumari uliokatwa ncha na kupigwa msasa unakandamiza eneo linalolizunguka umbo, ili kilichovimba kizidi kuonekana. Kisha nyuma tena, kisha mbele. Muda mwingi unafanya kazi upande usiouona, na unachokitaka kinatokea upande usioushika. Inachukua muda mrefu mkono kuuamini mpango huo.

Halafu mlio unabadilika. Mwanzoni nyundo inatoa sauti nzito, ya chini. Baada ya mapigo mengi inakuwa kali na kupanda juu. Hapo shaba imegoma. Ndani yake, chembe zilizokuwa zikiteleza moja juu ya nyingine zimesukumana na kufungana mpaka hazina tena pa kuteleza. Ukiendelea kupiga, haitapinda, itapasuka, na mpasuko wa bamba jembamba hauna dawa. Papa aliyenifundisha, mzee aliyestaafu kazi ya karakana, hakuwa na habari za chembe. Alikuwa na sentensi moja tu: “Kama inakatala, irudishe ku moto.”

Motoni inatakiwa kufikia wekundu hafifu, ule unaoonekana gizani na kupotea ukiwasha taa, ndiyo maana jioni ni bora kuliko mchana. Joto linazipa chembe nafasi ya kujipanga upya, bamba linalainika. Kisha unalitumbukiza majini. Wafua vyuma hushtuka wakiliona jambo hilo, kwa sababu chuma cha pua kikitoka motoni kikaingia majini huwa kigumu na rahisi kuvunjika. Shaba hubaki laini vilevile. Hutoka na ngozi nyeusi, ndimu na chumvi zinaiondoa, na chini yake ipo rangi ya waridi ambayo haikai sana kabla hewa haijaanza kuitia giza. Lakini usiyapulize makaa kwa pupa. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, na makaa yaliyopepewa kupita kiasi yanaweza kuzitafuna kingo za bamba wakati unamjibu jirani salamu.

Raundi chache za moto na nyundo, na kazi ya leo imekwisha. Fundi anayefua ili auze ana mabamba mengi, moja likiwa motoni analifua jingine, na siku nzima inapita hivyo. Anayejifunza nyumbani akiwa na bamba moja hana ujanja huo. Lazima angoje, na kungoja huko ndiko kunakomrudisha kesho yake, kwa sababu umbo lililovimba nusu linamsumbua mtu kuliko ambalo halijaanzwa. Nimejaribu ufundi mwingine usio na kizuizi cha namna hii. Huanza kwa shangwe ya usiku kucha, wiki ikiisha vifaa viko chini ya kitanda.

Si kwamba mikono ya nchi hii haikuijua shaba. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, mwanaakiolojia Jacques Nenquin alifukua makaburi mwaka 1957, na mwenzake Pierre de Maret akachimba tena mwaka 1974. Makaburi ya enzi za kale zaidi yalitoa vyungu vizuri pamoja na bangili na mikufu ya shaba iliyofuliwa kwa ustadi. Ya baadaye yalikuwa na misalaba midogo ya shaba, mingine kifuani mwa marehemu, mingine karibu na mikono yake. Misalaba ya namna hiyo ilitumika katika biashara kwa karne nyingi. Katanga, jimbo letu la zamani, ilipojitenga mwaka 1960 ilichora misalaba mitatu kwenye bendera yake, na mwaka uliofuata ikauweka msalaba huo kwenye sarafu. Nembo ilipandishwa mlingotini wakati ambapo waliojua kuumimina msalaba kama ule walikuwa wamebaki wachache mno.

Wasanga na Wayeke waliokuwa wakiyeyusha malakiti waliitwa wala shaba, na ndilo jina alilolitumia mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alipoandika habari zao mwaka 1926, kazi yenyewe ikiwa imekwisha kuzimwa. Kuyeyusha kulikuwa shughuli ya kiangazi, baada ya mavuno: tanuri za udongo wa kichuguu, makaa ya miti, mivukuto ya ngozi, na mkuu wa kazi mwenye miiko yake. Wayeke, ambao mababu zao walitoka Unyamwezi na Usumbwa kwa kuifuata shaba hii hii, walisifika kwa kuvuta waya. Fimbo ya shaba ilipitishwa kwa nguvu katika tundu la chuma, halafu katika tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, mpaka ukapatikana uzi mwembamba wa kuzungushia nyuzi za mmea na kufanya bangili. Ninachokipenda katika habari hizi ni kwamba moto mkubwa ulikuwa wa msimu na wa kijiji kizima, lakini kuzungusha bangili ni kazi unayoweza kuifanya umekaa kwenye mkeka, unaongea.

M'siri, mfalme wa Wayeke, aliuawa Bunkeya Desemba 1891. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Tangu hapo mkono wa Katanga ukawa mkono wa kulipwa: koleo, toroli, kengele ya zamu. Gécamines, kampuni ya serikali, ilipokuja baada ya mali za kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967, zamu zilibaki zile zile. Leo, katika viwanda vinavyotumia asidi na umeme, shaba hutoka katika umbo la mabamba mazito yenye usafi wa asilimia 99.99. Mabamba! Yanapangwa, yanafungwa kwa mikanda ya chuma, yanaondoka, na sisi tunayaona tena yakiwa waya ndani ya chaja ya simu. Mfua shaba wa Kolwezi, akitafuta bamba jembamba, huenda kwa wauza vyuma chakavu kuulizia tangi la maji ya moto lililotoboka. Na aulize limetoka wapi. Anayekata kebo ya umeme ili apate shaba ya bangili ametuzimia taa sote.

Kuna watu ambao hawakuacha kabisa kazi ya mikono ya nyumbani, nao hawatajwi popote ufundi unaposifiwa: akina mama wa kambi za wafanyakazi wa migodi. Kampuni ilifungua fwaye, nyumba za mafunzo, ili wake wa wafanyakazi wafundishwe kushona, kufuma na kutunza nyumba kwa namna Wabelgiji walivyoipenda nyumba itunzwe. Nia haikuwa ya kisanaa, na nadhani haikuwa ya heshima sana pia. Lakini akina mama walichukua sindano ya kroshe wakaacha mahubiri. Ingia leo katika nyumba ya zamani ya kambi, vitambaa vyeupe vimelala juu ya migongo ya viti, juu ya redio isiyosema tena, juu ya friji. Mama anafuma akisubiri maharagwe yaive, anafuma kwenye foleni ya hospitali, hahesabu kwa sauti lakini vidole vinahesabu. Mambo ninayoyasema hapa kuhusu kazi ya kila siku nyumbani, wao wanayajua tangu mabibi zao, wala hawajaona sababu ya kuyaandikia insha.

Wanaume nao walipata mabango. Mabango ya shaba iliyofuliwa yakawa zawadi ya Katanga: tembo, ramani ya nchi, mwanamke anayetwanga, na zaidi ya yote ule uso wa pembeni wa mwanamke wa Kimangbetu mwenye kichwa kilichorefushwa, kutoka pembe nyingine kabisa ya Kongo, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja. Mengi ya mabango hayo ni mabaya, na si kwa sababu mafundi hawakuwa na mkono. Mkono walikuwa nao. Tazama jinsi shingo ilivyoinuliwa bila mkunjo. Kilichokosekana ni sababu ya kubadili chochote, kwani mnunuzi alitaka tembo yule yule wa jirani yake. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alionyesha njia nyingine: alifanya mabamba ya shaba yaliyotokezwa nakshi za chale za miilini mwa watu, na mwaka 2015 dunia iliiona shaba yake Venice. Nyenzo ile ile, mbinu za ukoo mmoja, na hakuna tembo.

Nakshi zangu nazitafuta magharibi mwa jimbo, Dilolo, Sandoa, Kasaji, nchi ya Walunda na Wachokwe. Wachokwe, huku na ng'ambo ya mpaka Angola, wana michoro ya mchangani iitwayo sona. Mchoraji anapiga nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha anapitisha kidole kati ya nukta bila kukiinua, huku akisimulia kisa, mpaka mstari unarudi pale ulipoanzia. Paulus Gerdes, mwanahesabu aliyefundisha Msumbiji, aliichambua michoro hiyo kwa miaka mingi. Katika ile inayofanana na ususi wa mkeka, idadi ya mistari inayohitajika ni kigawo kikubwa cha shirika cha idadi ya safu na idadi ya nukta katika kila safu. Nukta 4 kwa 5 zinatosheka na mstari mmoja. Nukta 4 kwa 6 zinataka miwili, na kidole hakina budi kuinuliwa. Desemba 2023 UNESCO iliiandika sona ya Angola katika orodha yake ya urithi usioshikika.

Kwenye shaba nukta hupigwa kwa msumari na mstari hufuatwa kwa kijiti, na sharti la kutoinua mkono linapata maana ya pili: kila mahali kijiti kinapoinuliwa na kurudishwa, bamba linaweka kovu dogo. Kwa hiyo unachagua 4 kwa 5, au 5 kwa 6, na unavuta pumzi kabla ya kuanza. Mchanga unafutika kwa kiganja. Shaba inasahau tu ikipita motoni, na hata hapo haisahau yote.

Wageni wakiona bamba lililokamilika, swali la kwanza ni bei. Siwalaumu, mji huu umefundishwa kwamba kila kilichotoka ardhini kina mnunuzi anayengoja na mzani. Zipo pia semina zinazowahimiza vijana kugeuza kila ujuzi kuwa mradi. Vijana wanahitaji kula, hilo halina ubishi. Lakini anayejifunza kufua kwa ajili ya soko tangu jioni ya kwanza atafua tembo, na nimekwisha kusema ninavyowaona tembo. Mwanzo mzuri zaidi ni kikombe cha kuwekea penseli za mtoto, bati la kuzibia ufa wa mlango, kitu ambacho kikiharibika hakuna atakayelalamika. Ambaye macho yake yamevutwa na malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, namwomba asianzie jikoni: huchongwa likiwa limelowa maji, kwa sababu vumbi lake ni sumu, na nyumba yenye watoto si karakana ya mawe.

Kwa sasa najifunza kuvuta waya. Fundi wa gereji amenitobolea matundu katika kipande cha chuma cha pua, kila moja likiwa dogo kuliko la kabla yake, na lile la mwisho lilimvunjia kekee mbili. Aliuliza ni ya mashine gani. Nikamwambia ni ya mkono. Alikigeuzageuza kile chuma, akachungulia katika tundu dogo, akasema hawezi kuamini mpaka aone. Nimemwambia aje jioni yoyote, na aje na makaa yake. Gunia siku hizi si bei ya mchezo.