Neno "Haiwaki" na Ufundi wa Kulifumbua

Neno "haiwaki", ambalo mteja hulitamka anapoishusha kompyuta yake kwenye meza ya fundi mjini Kibiti, ni neno lenye uchoyo wa maelezo, kwa kuwa ndilo hilohilo litumikalo kwa taa, jiko, pikipiki na mashine ya boti, na kwa sababu hiyo maradhi matatu yasiyo na undugu huingia dukani kwa jina moja. Iko kompyuta iliyo kimya kabisa, isiyotoa hata mwanga wa kitaa kimoja. Iko ile ambayo feni yake huzunguka ilhali skrini imebaki giza. Na iko ile inayoonyesha jina la mtengenezaji wake kisha ikaganda hapohapo. Ufundi unaostahili sifa huanza kwa kulipasua neno hilo kabla bisibisi haijaguswa, kwa maswali ambayo mteja mwenye haraka huyaona ya kupoteza muda: je, ilizimwa au ilizimika yenyewe, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ilihamishwa, ilimwagikiwa maji?

Maswali hayo yana msingi, kwa maana kompyuta huamka kwa zamu, na kila zamu hungoja iliyotangulia. Ya kwanza ni ya pawasaplai, yaani kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3; umeme huo ukishatulia, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, husoma maagizo mafupi yaliyohifadhiwa katika kijipande kidogo juu ya mazabodi, ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, kisha maagizo hayo hukagua ramu, ambayo ni kumbukumbu ya muda, na njia ya picha, na mwishoni kabisa ndipo diski hutafutwa. Mashine iliyokwama huwa tayari imesema ilipokwama, na hata milio ya ule mfumo wa ukaguzi, ambayo maana zake hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, ni maneno ya kusikilizwa, si kelele. Tabia ya kubadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka mashine iwake, ambayo wapo wanaoiita ufundi, ni ununuzi tu.

Delta ya Rufiji iliyo jirani, yenye msitu wa mikoko mpana kuliko mwingine wowote katika mwambao wa Afrika Mashariki, huongeza lake, kwa sababu hewa ya chumvi na unyevu hujenga utando mwembamba juu ya meno ya ramu, utando ambao jicho huenda lisiuone lakini umeme huuhisi. Dawa yake ya kwanza ni kifutio cha penseli: fundi huchomoa waya wa ukutani, hubonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia uishe, huikamata ramu kwa kingo zake, husugua meno yale taratibu kwa kuelekea upande mmoja mpaka yarudishe mng'ao, hupuliza unga wa kifutio, kisha huirudisha kwenye tundu lake na kuikandamiza mpaka vishikio vya pembeni vilie "ta". Kifaa cha shilingi chache huweza hivyo kuifufua mashine iliyokwisha kuhukumiwa kufa.

Kosa la uchunguzi huku lina nauli yake, maana kompyuta ya mwenyeji wa visiwani huvuka kwa boti inayofuata kujaa na kupwa kwa maji hadi Nyamisati, hupanda gari hadi Kibiti, na kifaa kisichopatikana hapo huagizwa kutoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Delta iliwahi kuuona mzigo wa namna hiyo kwa ukubwa wa kutisha: manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humo mwaka 1914 ikiwa na hitilafu katika mitambo yake, ilisubiri vipuri vyake vikokotwe kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa, na ijapokuwa matengenezo yalifaulu, Waingereza walikuwa wamekwisha kuiziba njia ya bahari, ikaishia humohumo Julai 11, 1915.

Fundi makini, basi, huagiza kifaa baada tu ya kuwaachia huru watuhumiwa wengine wote. Huchomoa diski, kipanya na kila kisicho cha lazima, akabakiza pawasaplai, mazabodi, prosesa na ramu moja, ndipo hubonyeza kitufe. Katika kompyuta nyingi za zamani mlio mmoja mfupi hujibu kwamba ukaguzi umepita salama. Mteja hunyanyuka kwenye benchi, mkono tayari mfukoni, lakini fundi huizima mashine, huiwasha tena, huizima, na kifuniko kinabaki juu ya meza, skrubu zake ndani ya kisosi.