Insha Isiyokuwa na Mwenyewe

Neno wiki, ambalo kwa Mswahili ni siku saba, kwa watu wa Hawaii lina maana ya haraka. Mmarekani Ward Cunningham alilichukua huko, na mwaka 1995 akaliita kwalo jukwaa lake la intaneti, ambalo kila msomaji aliweza kulisahihisha papo hapo bila kuomba ruhusa. Mbegu hiyo ilizaa Wikipedia mwaka 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Walimu wa insha hawakukawia kuona manufaa yake: mwanafunzi aliyezoea kumwandikia mwalimu mmoja, apate alama na karatasi itupwe, sasa aliweza kuandika mbele ya hadhara.

Sifa hizo ni za haki, lakini aghalabu huwekwa mahali pasipo pake. Watu husifu makala. Makala ya Wikipedia, iwe nzuri namna gani, haifundishi balagha, maana sheria zake zadai mwandishi asiegemee upande wowote, asitie maoni yake, wala asiseme neno lisilokuwa na ushahidi uliochapwa. Hiyo ni kalamu ya karani mwaminifu. Ukarani ni kazi ya heshima. Ila mtu aliyefunzwa huo peke yake hajajua bado kumshawishi mwenziwe.

Balagha imo nyuma ya makala, katika kurasa mbili ambazo wasomaji wengi hawazifungui. Ukurasa wa historia huhifadhi kila badiliko na saa yake, hata sentensi iliyofutwa yaweza kusomwa tena. Ukurasa wa majadiliano ndio baraza. Hapo aliyefutiwa maneno yake hana cheo cha kutegemea. Sharti alete hoja, ataje kitabu, akubali nusu ili apewe nusu, tena kwa lugha isiyomfukuza mpinzani wake. Wapenzi wa mashairi ya magazetini waijua shule hiyo: malenga mmoja huuliza, wa pili hujibu, wa tatu husuluhisha.

Kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Waandishi ni wachache, na nyuma ya makala nyingi baraza ni tupu. Nyingine zimefasiriwa kutoka Kiingereza, na mfasiri hana wa kubishana naye. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilianzisha mashindano ya kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania. Lakini zawadi huleta makala, haileti mabishano.

Tena iko sheria ya ushahidi. Kijana wa Lamu aliyefundishwa na babu yake majina ya pepo na misimu ya bahari, asipokuwa na kitabu cha kutaja, aweza kufutiwa yote, na aliyefuta hakukosea sheria. Mwalimu mvivu atamwambia achague mada nyingine. Mwalimu hodari atampeleka katika majadiliano aitetee elimu isiyochapwa, aeleze babu ni shahidi wa namna gani, na kwa nini aaminiwe. Huenda makala isiongezeke hata neno moja.

Wakubwa wa vyuo husema kazi ya mikono mingi haitahiniki, kwa kuwa haijulikani nani kaandika nini. Udhuru huo ni dhaifu: ukurasa wa historia waonyesha kila mkono na maneno yake, jambo ambalo insha ya karatasi haijapata kulifanya.