Hisabu ya Dakika: Namna Shekhar Mehta Alivyopanda Daraja za Udereva

Mtu aliyepata kusafiri wakati wa masika katika uwanda huu wa kati, akitoka Mtera kuja Dodoma, au akipita Kondoa na Kolo kuelekea Babati katika zile siku ambazo barabara ya Dodoma hadi Babati, yenye kilomita 251, ilikuwa haijapata lami yake iliyozinduliwa mwaka 2018, hana haja ya kuhadithiwa jinsi ardhi inavyoweza kulishinda gari. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa, ukinyeshewa saa moja hushika magurudumu na kuyafunga. Na ule mwekundu wa milima ya Irangi huchukuliwa na maji, hata palipokuwa njia jana pakawa korongo leo. Juu ya ardhi ya tabia hii, yetu na ya majirani zetu wa Kenya na Uganda, ndipo yalipoendeshwa tangu mwaka 1953 mashindano makubwa ya magari ya Afrika Mashariki, yajulikanayo kwa jina la Safari, na ndipo alipopanda daraja kijana mzaliwa wa Uganda aitwaye Shekhar Mehta, ambaye aliyashinda mara tano, mwaka 1973, 1979, 1980, 1981 na 1982, idadi ambayo hajatokea mwingine aliyeipita. Muradi wa makala haya ni kuchambua namna alivyofanya. Maana sifa za mashujaa huimbwa sana, walakini ufundi wao aghalabu huachwa bila kuelezwa.

Kwanza yatupasa kuyajua mashindano yenyewe. Wamarekani wana mashindano yao ya magari ya namna ya dukani, ambayo yalipata chama chake, NASCAR, mwaka 1948, na kijana wa kule hupanda kutoka uwanja mdogo wa vumbi hadi uwanja mkubwa wa lami, akizunguka njia ile ile mara mamia kwa siku moja. Kila daraja ina uwanja wake, na dereva hupimwa macho kwa macho na wenziwe walio ubavuni mwake. Afrika Mashariki ilikataa kuzunguka. Yasimuliwa kwamba Eric Cecil wa Nairobi alipomshawishi binamu yake, Neil Vincent, waingie katika mbio za uwanja wa Langa Langa, karibu na Gilgil, Vincent alijibu kuwa kwenda pale pale na kurudi pale pale hakumpi raha hata kidogo, ila kama angetafutiwa mashindano ya kutoka mlangoni kwake, kuvuka nusu ya Afrika na kurejea nyumbani, hapo angekuwa tayari. Kutokana na mazungumzo hayo yakazaliwa mashindano ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sharti lake la awali lilikuwa la busara kubwa: gari liwe lile lile liuzwalo dukani, na makundi yapangwe kwa kufuata bei yake badala ya ukubwa wa injini. Mwenye gari la bei nafuu alishindana na mwenziwe wa bei nafuu, na mnunuzi aliyesimama kando ya njia alijionea mwenyewe ni gari lipi lililorudi zima.

Hapakuwa na barabara iliyofungwa. Mabasi, ng'ombe na waenda kwa miguu waliendelea na shughuli zao, na dereva wa mashindano alipita katikati yao. Kila gari lilipewa muda wa kutoka kituo hadi kituo, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa pointi moja ya adhabu. Mwenye adhabu chache kupita wote baada ya kilomita 5,000 hivi ndiye aliyevishwa taji. Muda wenyewe katika sehemu nyingi uliwekwa mfupi kwa makusudi, hata ikawa haiwezekani kuutimiza, na kwa hiyo swali halikuwa kama dereva atapoteza dakika, bali atapoteza ngapi na wapi. Hapo ndipo siri ya mambo yote yatakayofuata ilipo, na msomaji anisamehe nikikaa hapa kidogo na kalamu ya hisabu.

Tuchukue dereva aliyezama mbugani akakaa dakika 30, huku wenziwe wakipita pembeni penye majani. Ametoka, amejawa na ghadhabu, anataka kuzirudisha dakika zake. Wenziwe wanakwenda kilomita 100 kwa saa. Yeye anakwenda 110. Katika kila kilomita 100 atakuwa ameokoa dakika tano na nusu tu. Maana yake atahitaji kilomita 550 za barabara njema, nazo ni zaidi ya mwendo wa kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, bila kosa jingine lolote, ili awe sawa na alivyokuwa kabla ya kuzama. Na katika kilomita hizo 550 za kukimbia kupita kiasi, ndiyo kwanza anaualika mwamba uvunje springi au kalvati lililochimbika lipasue radieta. Mwaka 1963 yalirudi magari saba tu kati ya yote yaliyoondoka, na mwaka 1968 vile vile saba. Msweden Erik Carlsson, dereva mwenye jina Ulaya nzima, alikuwa akiongoza mwaka huo wa 1963 kwa gari lake la Saab, ndipo alipomgonga muhanga, na safari yake ikaishia hapo. Muhanga, mnyama asiye na habari na mtu!

Waliofahamu hisabu hii mapema walikuwa wenyeji. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliyashinda mashindano mwaka 1966 na tena 1967 pamoja na Chris Rothwell kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wengi wa nchi hii wamepata kulipanda kama teksi, na njia ya Mbulu iliyowatisha wageni yeye aliipita kama mtu aendaye kwake. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kukulia katika gereji ya baba yake, alishinda mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Huyu alipanda kwa spana. Alijua kwa sikio kipi katika injini kinalalamika, na akajua wakati wa kukihurumia.

Mehta hakupanda kwa spana, wala si haki kulificha jambo hilo. Alizaliwa mwaka 1945 katika ukoo wenye mashamba, na alipoanza mbio akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, alianza na BMW, gari ambalo vijana wengi wa rika lake walilitazama dirishani tu. Mali ilimfungulia mlango. Lakini mali haimwondolei mtu matope, na wapo wana wa matajiri wengi walioingia Safari katika miaka ile wakatoka na mkufu wa kuvutia gari. Alichokuwa nacho zaidi ya fedha ni kitu adimu kwa kijana mwenye haraka: alikubali kujifunza kwa kumaliza. Mwaka 1971, akiwa ndani ya Datsun 240Z, alimaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la namna ile ile. Gari lilikuwa moja, kwa hiyo tofauti ilikuwa dereva, na kwa kijana hakuna somo lililo wazi kuliko hilo, maadamu ana moyo wa kulisoma badala ya kutafuta visingizio katika mashine.

Kisha ikaja Agosti 1972, Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia katika Uganda, na Mehta akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwezi wa Aprili 1973, mwaka ambao Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa rali, aliondoka na Lofty Drews katika 240Z, gari la pua ndefu lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4, lisukumwalo kwa magurudumu ya nyuma. Matokeo yake ni ya ajabu. Baada ya maelfu ya kilomita, Mehta na Msweden Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, walifungana kwa pointi 406 za adhabu kila mmoja.

Kanuni ilikuwa na jibu: wakifungana, mshindi ni yule aliyekwenda umbali mrefu zaidi tangu mwanzo kabla ya kuandikiwa adhabu yake ya kwanza. Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi akiwa msafi, akapewa ushindi. Wako waliouita ushindi huo wa bahati, nami siafikiani nao. Kanuni hiyo haipimi bahati. Inapima mwanzo wa mashindano, yaani zile saa ambazo gari bado ni zima, dereva bado hajachoka, na kila mshindani kijana huona ndiyo nafasi ya kujionyesha. Aliyehifadhi daftari lake jeupe katika saa hizo alikuwa ameifanya kazi ngumu kupita zote, nayo ni kukimbia kwa kadiri inayotosha, wala si zaidi. Kama angevurugika pale mwanzoni kwa dakika chache, hata kama angezipata tena mwishoni, kombe lingekwenda Sweden.

Baada ya hapo ilipita miaka mitano bila ya ushindi mwingine, na nitaipita upesi, ila kwa kusema kwamba katika muda huo Safari yenyewe ilibadilika: ilibaki ndani ya Kenya tu, na nchi yetu ikawa mtazamaji. Viwanda vya ng'ambo navyo viliongeza nguvu, fedha na ndege za kuangalia njia kutoka juu. Mtu angedhani zama za mwenyeji zimekwisha.

Ndipo ikaja ile minne ya mfululizo, na hapa uchambuzi unapata nyama. Mwaka 1979 Mercedes walileta 450 SLC, gari zito la injini ya lita tano na gia za kujibadilisha zenyewe, mikononi mwa Hannu Mikkola, ambaye mwaka 1972 alikuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuishinda Safari. Mehta alikuwa na Datsun 160J, sanduku dogo lisilo na uzuri, lenye injini ya lita mbili hivi na ekseli ya nyuma ya kipande kimoja. Katika barabara iliyonyooka, Mercedes ilimwacha. Lakini gari zito likidondoka shimoni huiadhibu shokapu yake na tairi yake kwa uzito wake lenyewe, na kila kipigo kimoja si kitu, bali jumla yake baada ya siku nne ndiyo hukumu. Gari jepesi, lenye vyombo vichache ambavyo fundi aweza kuvibadilisha kando ya njia kwa dakika chache, hulipa kodi ndogo kwa kila shimo. Mikkola alimaliza wa pili. Mwaka 1980 na 1981 wa pili alikuwa Mfini Rauno Aaltonen, mwenzake Mehta katika timu ile ile ya Datsun, mtu hodari aliyemaliza wa pili katika Safari mara kadhaa na asiishinde kamwe. Mwaka 1982 wa pili alikuwa Mjerumani Walter Röhrl katika Opel Ascona 400, ambaye mwaka huo huo alitoka bingwa wa dunia.

Katika ushindi huo wa mara nne aliyekaa kiti cha pembeni alikuwa mmoja, Mike Doughty, na jambo hili naliona kubwa kuliko injini. Msoma ramani wa Safari hakuwa msomaji wa kona tu. Ndiye aliyeweka hisabu ya dakika, aliyejua kituo kijacho kina nafasi ya kupumua au hakina, na aliyekuwa na haki ya kumwambia dereva apunguze. Watu wawili waliozoeana miaka mingi huhitaji maneno machache, na usiku wa tatu bila usingizi maneno machache ndiyo yanayosikika.

Mehta aliumia vibaya katika rali ya Misri mwaka 1987, akaacha mbio, akaingia katika uongozi wa michezo ya magari duniani, na akafariki London mwaka 2006. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilirudi na sura nyingine: njia hufungwa, vipande vya mbio ni vifupi, na hisabu niliyoieleza hapo juu imepoteza nusu ya nguvu zake. Walakini Wakenya wamewajengea vijana wao ngazi mpya, na mwaka 2022 Maxine Wahome alishinda WRC3, daraja la chini la ubingwa huo wa dunia, katika Safari kwa Ford Fiesta, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Kwetu Tanzania ngazi hiyo haina vipago vya chini. Kijana wa gereji za mjini Dodoma, ajuaye kuifungua na kuifunga Toyota IST akiwa amefumba macho, hana mahali pa kuanzia, kwa kuwa gari la rali la leo lina bei ya nyumba kadhaa. Nawaomba viongozi wa mchezo huu katika chama cha magari cha Tanzania, AAT, walirudishe lile sharti la mwaka 1953, gari la dukani na makundi kwa bei, walau katika mashindano madogo ya mikoani, na waanze na njia za changarawe za Kondoa, Bahi na Kongwa wakati wa kiangazi, ambapo hasara ya anayejifunza itakuwa tairi moja na vumbi jingi.