Kuporomoka kwa Hadhira ya Sinema: Mtazamo kutoka Miji ya Migodi ya Katanga

Utangulizi

Mjadala kuhusu kufa kwa majumba ya sinema katika Afrika ya Mashariki na Kati umezoea kumtafuta mshitakiwa mmoja. Kwa wengine mshitakiwa huyo ni televisheni. Kwa wengine ni kanda za video, kisha sidii na dividii, na siku hizi simu ya mkononi. Maelezo ya aina hiyo yana chembe ya ukweli, lakini yana kasoro mbili. Kwanza, yanakitazama chombo na kumsahau mtazamaji. Pili, yanachukulia kwamba jumba la sinema lilikuwa kitu kimoja kila mahali, na hivyo sababu ya kifo chake nayo ni moja.

Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa kuitazama miji ya migodi ya Katanga, miji ya aina ya Luena, na kuilinganisha na miji ya pwani. Hoja kuu ni kwamba katika miji ya kampuni ukumbi wa sinema ulikuwa hisani ya mwajiri. Mwajiri alipoanguka, ukumbi ulianguka naye. Hadhira haikuanguka, ilihama. Uhakiki unaoomboleza majengo bila kuifuata hadhira huko ilikohamia unaacha nusu ya kazi yake.

Televisheni na ushahidi wa tarehe

Ikiwa televisheni ndiyo iliyoua sinema, basi tarehe za kuingia kwake zingelingana na tarehe za kufungwa kwa kumbi. Hazilingani. Kongo ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1966, lakini watu wa mijini waliendelea kwenda sinema katika miaka ya 1970. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, na majumba yake matatu ya mjini, yaani Majestic, Empire na Cine Afrique, hayakufungwa kwa sababu hiyo. Kinyume chake, Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na bado majumba ya sinema yalikuwa yameshadhoofika katika muongo wa 1980, wakati fedha za kigeni zilipoadimika na kanda za video zilipoanza kuenea majumbani.

Tarehe hizi zinamlazimisha mchunguzi aulize swali jingine: jumba lilikuwa la nani, na nani aliyeligharamia? Kwa upande wa pwani jibu linajulikana vizuri. Huko Unguja jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921 na mfanyabiashara wa mjini. Lilipoungua mwaka 1953 lilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Majestic. Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures (2018), ameonyesha kwa kina jinsi wenye majumba wa Tanzania walivyofungamana na miji yao. Mwenye jumba aliishi na wateja wake, aliwasikia wakisifu filamu za Kihindi na kuzidharau nyingine, na alipokosea kuchagua filamu alipata hasara mwenyewe. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, kwa kuwa soko lenyewe lilidai hivyo. Kwa ufupi, hadhira ya pwani ilikuwa na sauti katika uteuzi wa filamu kwa njia ya tiketi.

Sinema kama posho

Luena ni mji wa namna nyingine. Ni mji wa makaa ya mawe katika mkoa ambao tangu 2015 unaitwa Haut-Lomami, na ambao makao yake makuu ni Kamina. Makaa hayo yalichimbwa kwa ajili ya viwanda vya Katanga, na reli iliyofika Bukama mwaka 1918 iliufunga mji huo na mahitaji ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilifuata siasa ya kuwatuliza wafanyakazi pamoja na familia zao katika kambi. Ndani ya mpango huo mfanyakazi alipewa nyumba, posho, hospitali, shule ya mtoto na mahali pa kujiburudisha. Sinema iliingia katika orodha hiyo. Iliwafikia wafanyakazi wa kambi za kampuni kwa mkono uleule uliogawa unga.

Kinachohitaji kusisitizwa ni maana ya utaratibu huo kwa hadhira. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1945 iliwakataza Waafrika wa Kongo kutazama filamu ambazo hazikupitishwa maalumu kwa ajili yao. Wamisionari walitengeneza filamu za kuwaadilisha, na maarufu zaidi kati ya hizo ni zile za vichekesho vya Matamata na Pilipili zilizotengenezwa Kasai na Padri Albert Van Haelst katika miaka ya 1950. Mtazamaji hakuulizwa anapenda nini. Hakuwa mteja wa kubembelezwa wala mwananchi wa kusikilizwa. Alikuwa mtu wa kulelewa. Kwa hiyo anayeililia sinema ya kambi kana kwamba ilikuwa uwanja huru wa watu wote anapamba historia. Wazungu na Waafrika hawakuketi pamoja, na filamu iliyoonyeshwa ilikuwa imeshachujwa na watu wengine.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 vikwazo hivyo viliondoka, lakini msingi wa kiuchumi wa miji ya kampuni haukubadilika sana. Union Minière ilitaifishwa kuanzia mwaka 1967 na hatimaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Bado mwajiri alibaki kuwa baba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliupa uhusiano huo jina linalofaa alipokiita kitabu chake cha mwaka 2001 Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji wa mwaka 1991 ukafuata, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kiasi cha tani 30,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia.

Katika hali hiyo, kusema kwamba video iliua sinema ya miji ya migodi ni sawa na kusema kwamba mvua iliua mti uliokwisha kukatwa mizizi. Burudani ya kambi ilikuwa tawi la mshahara. Mshahara ulipokosekana kwa miezi mingi, shule, zahanati na burudani vilinyauka pamoja.

Hadhira ilikohamia

Ni kosa kudhani kwamba watu waliacha kutazama. Walihamia katika vyumba vidogo vyenye runinga, deki na jenereta, ambako mtu hulipa fedha kidogo kutazama filamu za ngumi za Hong Kong, filamu za Nigeria na mechi za mpira. Filamu za Kiswahili kutoka Dar es Salaam nazo zilivuka mpaka kwa njia ya sidii. Umaarufu wa Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, ulifika hadi Kongo ya mashariki bila msaada wa jumba lolote la sinema.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, jambo la kuvutia zaidi katika vyumba hivi ni sauti ya msimulizi. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili huku akiongeza mizaha na mafumbo yake. Uganda kazi kama hiyo hufanywa kwa Kiganda na wasimulizi wanaoitwa VJ. Mara nyingi jambo hili huelezwa kama uzushi wa zama za video. Katika Kongo lina umri mkubwa zaidi, kwani filamu za wamisionari zilipigwa bila mazungumzo, na mtu alisimama mbele ya hadhira kuzieleza kwa lugha ya mahali. Mfasiri aliyewekwa pale kulinda maadili ya padri alikuwa pia fanani mwenye hadhira mbele yake, na fanani hawezi kuidhibiti maana yote.

Kwa mtazamo huu, istilahi ambazo wahakiki wamezizoea katika fasihi simulizi, yaani fanani, hadhira, tukio na muktadha, zinafaa kuichambua sinema ya Katanga kuliko istilahi za uhakiki wa filamu zilizoletwa kutoka Ulaya, ambazo huanza na kuishia kwenye picha. Johannes Fabian alifanya kazi ya namna hiyo kwa upande wa tamthilia alipokichunguza kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi mwaka 1986 na kuandika Power and Performance (1990). Aliwafuata waigizaji katika mazoezi, akanukuu Kiswahili chao cha Shaba kama kilivyo, na kuonyesha kwamba mchezo uliorekodiwa kwa ajili ya televisheni ulizaliwa katika mabishano ya watu. Sinema ya Katanga bado inahitaji uchunguzi wenye subira kama hiyo.

Kilichopotea kweli

Hata hivyo, kukiri kwamba hadhira ilihama si kusema kwamba hakuna hasara. Chumba cha video kina walengwa wachache. Kwa kawaida ni vijana wa kiume. Mama mwenye watoto hakioni kuwa mahali pake, na mzee hapati nafasi ya kuketi kwa heshima. Simu ya mkononi imekwenda mbali zaidi, kwani imemfanya kila mtazamaji kuwa hadhira ya mtu mmoja. Kinachopotea hapo ni hukumu ya pamoja: kicheko kinachoanzia nyuma ya ukumbi na kumfanya aliye mbele alitazame upya tukio lililompita, au ukimya unaowajulisha watu wote kwamba wameguswa na jambo moja.

Hasara hiyo inaonekana wazi pale filamu yenyewe inapokuwa ya nyumbani. Mwaka 2023 filamu Augure ya Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, ilipata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes. Ndani yake Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Kilingala. Filamu inayozungumza lugha ya Katanga ilikutana na hadhira yake rasmi ya kwanza kwenye ukumbi wa Ufaransa, ilhali Kinshasa yenyewe iliona majumba yake ya zamani yakigeuzwa makanisa, na Dar es Salaam iliona uwanja wa Drive-In, uliofunguliwa mwaka 1966, ukiwa kiwanja cha ubalozi wa Marekani.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, wito wa kufufua majumba ya sinema hauna budi kutofautisha mahali na mahali. Pwani palikuwa na jumba lililomtegemea mteja, na hapo mtu anaweza kuzungumzia ufufuo. Katika miji kama Luena hakuna cha kufufua kwa maana hiyo, kwa sababu ukumbi wa kambi haukuwa mali ya hadhira hata siku ulipojaa. Kinachohitajika huko ni kuanzisha kitu ambacho hakijawahi kuwapo: mahali pa kutazamia ambapo watazamaji wenyewe huchagua filamu, hulipa wanachoweza, na hubishana kwa Kiswahili chao baada ya taa kuwashwa. Ukumbi wa shule au wa parokia unatosha kuanzia.

Wakati huohuo, idara za Kiswahili zina wajibu ulio karibu zaidi na uwezo wake. Sauti za wasimulizi wa filamu ni utendaji unaopita, na kanda zilizozihifadhi zinaharibika kwa joto na vumbi. Kuzikusanya, kuzinukuu na kuzihakiki ni kazi ya fasihi simulizi. Ikiachwa, kizazi kijacho cha wanafunzi kitasoma historia ya majengo ya sinema, na hakitajua watu waliokuwa ndani walisema nini.