Kupatwa kwa Jua na Chekeche la Mnajimu

Jua likipatwa halichagui mtu. Kila mwaka hupatwa mara mbili kwa uchache, miaka mingine hata mara tano, na kivuli hupita juu ya bahari, jangwa na miji bila kuuliza nani kazaliwa lini. Swali lililowahangaisha wanajimu kwa zaidi ya miaka elfu mbili ni dogo kulisikia na gumu kulijibu: kupatwa huku kunamhusu nani? Mimi si muumini wa majibu yao. Ninachokisifu ni namna wanavyolifanyia kazi swali, hasa wale wachache wanaojua kuwa sehemu kubwa ya kazi yao ni kupunguza maneno.

Hapo kale jibu lilikuwa jepesi: kunamhusu mfalme. Huko Ashuru na Babeli, wasomi wa ikulu waliligawa duara la mwezi robo nne, kila robo na nchi yake, na kivuli kilipoingia robo fulani basi mwenye hatari alikuwa mfalme wa nchi hiyo. Kama Mshtarii ilionekana angani wakati mwezi umepatwa, mfalme yu salama. Isipoonekana, alitafutwa mtu wa kukalia kiti cha enzi badala yake, pengine hadi siku 100, na muda huo wote wasomi walimwandikia mfalme wa kweli barua wakimwita "mkulima", ili balaa lisimtambue. Siku zikitimia, yule wa badala aliuawa. Baadhi ya barua hizo, za karne ya 7 kabla ya Kristo, zimebaki hadi leo juu ya vibao vya udongo. Katika mpango huo mlalahoi hakuwa na kupatwa kwake, labda awe na bahati mbaya ya kuitwa ikulu.

Ilichukua karne kadhaa kwa kupatwa kushuka kutoka kwa mfalme hadi kwa mtu wa kawaida. Kufikia karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria alikuwa na kanuni zake katika kitabu chake cha unajimu, Tetrabiblos. Kwanza kabisa kupatwa ni jambo la nchi na mataifa, anasema. Lakini wanaoguswa zaidi ni wale ambao jua lao, mwezi wao au pembe kuu za chati yao ya kuzaliwa ziko mahali palepale pa kupatwa au mkabala wake. Kisha akaweka vipimo vya muda. Saa moja ya kupatwa kwa jua ni mwaka mmoja wa athari. Saa moja ya kupatwa kwa mwezi ni mwezi mmoja. Kukitokea upande wa mashariki, mambo huanza katika miezi minne ya kwanza. Kukitokea utosini, miezi minne ya pili. Upande wa magharibi, miezi minne ya tatu. Hata rangi ya kivuli ilikuwa na maana: weusi ni wa Zohali, weupe wa Mshtarii, wekundu wa Mirihi, umanjano wa Zuhura, na mchanganyiko wa rangi ni wa Utaridi.

Kanuni ukizisoma kitabuni zinachosha. Zinapata uhai zikiwekwa juu ya chati, basi na tuweke moja. Mtu wa kubuni, kazaliwa Dar es Salaam tarehe 2 Septemba 1979, saa saba mchana. Jua lake liko daraja la 9 la Mashuke, karibu kabisa na utosi, na nyota iliyokuwa ikichomoza mashariki saa ile ni Mshale. Ukihesabu kutoka Mshale, Mashuke inakuwa nyumba ya 10, nyumba ya kazi, cheo na jina la mtu mbele za watu.

Mnajimu anafungua majedwali ya sayari na kutafuta ni lini jua litapatwa, au lilipatwa, kwenye daraja hilo la 9. (Siku hizi programu ya simu inayatoa kwa sekunde moja, ndiyo maana wengi wanadhani kazi imekwisha hapo.) Anapata tarehe tatu: 2 Septemba 1997, 1 Septemba 2016, na 2 Septemba 2035. Zimepishana miaka 19, kwa sababu miezi 235 ya mwandamo inakaribia sana kulingana na miaka 19 ya jua, na hivyo mwezi mpya hurudi karibu tarehe ileile na daraja lilelile. Mzunguko huo umepewa jina la Meton wa Athens, ingawa Wababeli nao waliutumia.

Lakini kuna mzunguko mwingine unaopita chini ya huo, wa miaka 18 na siku 10 au 11 na takriban saa 8. Kila ukitimia, jua na mwezi hurudi karibu katika hali ileile, na kupatwa hurudi na sura ya ndugu yake aliyetangulia. Zile saa 8 za ziada huipa dunia nafasi ya kuzunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kivuli huhamia magharibi. Kupatwa kwa tarehe 11 Agosti 1999 kulipita Ulaya hadi India. Ndugu yake wa tarehe 21 Agosti 2017 akaikata Marekani kutoka pwani hadi pwani. Ndugu anayefuata atapita Uchina na Korea hadi Japani. Daraja nalo husogea kumi na nusu kila mara: kutoka 18 ya Simba kwenda 28 ya Simba, na kutoka hapo hadi 9 ya Mashuke. Na tarehe ya huyo wa tatu? Ni ileile, 2 Septemba 2035. Mizunguko miwili isiyolingana, mmoja wa miaka 18 na mwingine wa 19, inakutana siku hiyo juu ya jua la mtu wetu. Mpaka hapa hakuna utabiri wowote uliotamkwa, na tayari mtu ameelewa mwendo wa mbingu kuliko wengi wetu tunavyoelewa maishani.

Sasa ndipo chekeche linaposhikwa. Kanuni ya wazee ni kwamba kupatwa kusikoonekana mahali ulipo hakukuhusu. Kule kwa 1997 kulikuwa kwa sehemu tu, kukaonekana Australia, New Zealand na Antaktika, wakati Dar es Salaam ilikuwa usiku wa manane. Kunaondoka. Kwa 2035 kutafika kilele karibu saa kumi na moja alfajiri kwa saa zetu, jua likiwa bado chini ya upeo. Nako kunaondoka, isipokuwa mtu wetu awe amehamia Japani. Kunabaki kwa 2016, na huko hakuna ubishi: ndiko kulikowapeleka watu Rujewa, wilayani Mbarali, na miwani yao maalumu, wakalitazama jua likibaki pete muda mfupi kabla ya saa sita mchana.

Imebaki moja kati ya tatu. Mnajimu mwenye pupa angeanza kuhubiri hapo. Mwenye subira anauliza tena: mwaka ule, mtu huyu alikuwa katika nyumba gani? Hii ni mbinu ya pili, ya kuhesabu nyumba kwa umri, ambayo Wagiriki waliitumia na wanajimu wa Baghdad wakaiendeleza. Mwaka wa kuzaliwa ni nyumba ya kwanza. Kila siku ya kuzaliwa inapofika unasogea nyumba moja. Ukitimiza miaka 12 unarudi mwanzo. Siku ya kupatwa alikuwa na miaka 36, yaani amerudi nyumba ya kwanza, Mshale, na mwenye mwaka, yaani sayari inayoitawala nyota hiyo, ni Mshtarii. Lakini kesho yake alitimiza 37, mwaka ukageukia nyumba ya pili, nyumba ya mali, ambayo kwake ni Mbuzi, na mwenye Mbuzi ni Zohali. Kupatwa kumeangukia siku moja kabla ya mwaka kubadili mwenyewe. Kupatwa huko ni kwa nani kati ya wawili hao?

Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Jibu halitoki kichwani mwa mnajimu. Linatoka katika kanuni ya Ptolemy aliyoisoma kwa sababu nyingine kabisa. Jua lilipatwa karibu na utosi, kwa hiyo mambo yanaanza miezi minne ya pili, yaani Januari hadi Aprili 2017. Kipindi hicho ni cha Zohali. Anageukia majedwali kuona Zohali ilikuwa wapi siku ile: daraja la 10 la Mshale, katika nyota yenyewe inayochomoza ya mtu huyu, robo ya duara kamili kutoka mahali jua lilipopatwa. Uhusiano wa robo duara ndio unaowatia wanajimu wasiwasi. Anapitia pia mwendo wa Mirihi, sayari inayohesabiwa kuwasha kile ambacho kupatwa kumekiacha kimelala, na anaikuta ikipita daraja la 9 la Samaki, mkabala kabisa na jua la mtu wetu, siku ya kwanza ya Januari 2017. Muda wa kupatwa pale Tanzania ulizidi saa tatu, kwa hiyo athari zinahesabiwa miaka mitatu na zaidi.

Basi amebakiwa na nini? Jambo la kazi au cheo, linalogusa mfuko, lenye uzito na ucheleweshaji wa Zohali, linaloanza mwanzoni mwa 2017. Hakuna ndoa humo, hakuna safari, hakuna kifo. Tena amelitupa lililokuwa tamu kuliko yote: mwaka 2035 mtu huyu atakuwa na miaka 56, nyumba ya 9, ambayo kwake ni Simba, na mwenye Simba ni jua lenyewe. Jua, mwenye mwaka, litapatwa juu ya jua lake la kuzaliwa. Kwa mpiga porojo hiyo ni ng'ombe wa maziwa. Wanajimu wengi wa leo hawajali kama kupatwa kumeonekana au la, wangeliingiza bila kusita. Mimi naona kanuni ya kale ina heshima zaidi, kwa kuwa inamkataza mnajimu kitu anachokitamani.

Aliyeieleza nidhamu hii vizuri kuliko wote ni msomi al-Biruni. Mwaka 1029 alimwandikia Rayhana binti al-Hasan kitabu cha mafunzo ya unajimu kwa maswali na majibu, zaidi ya 500. Anaanza na jiometri, anaingia hesabu, kisha maumbile ya dunia na mbingu, na unajimu wenyewe unakuja mwishoni. Asiyezijua hizo za mwanzo, kwake, hastahili kuitwa mnajimu. Na bado al-Biruni huyohuyo alikiri kuwa imani yake katika hukumu za nyota ilikuwa ndogo sana. Alifundisha kwa ukamilifu kitu alichokitilia shaka, na sioni ukinzani wowote hapo.

Shaka hiyo ina msingi. Mwaka 1985 jarida la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambapo wanajimu walipewa chati wazilinganishe na maelezo ya tabia za wenye chati, na hawakuzidi kubahatisha. Na msomaji Mwislamu anajua neno lenye uzito zaidi kwake: jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume, watu wakaanza kuunganisha mambo hayo mawili, na Mtume mwenyewe, akiwa katika msiba, akawakataza, akawaambia jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kufa wala kuishi kwa mtu. Ndiyo maana misikitini kwetu jua likipatwa huswaliwa, wala hakuna anayeuliza nani kazaliwa Mashuke.

Kuna ugumu mwingine wa kawaida zaidi: saa. Nyota inayochomoza hubadilika kila baada ya saa mbili hivi, na daraja moja hupita kwa dakika nne. Bibi zetu walizaliwa mwaka wa njaa, au mvua za vuli zilipoanza, na hapo chati haina pa kusimama. Waalimu wa falaki wa pwani walikuwa na njia ya kuuzunguka ukuta huo: jina la mtu na jina la mama yake, herufi zikageuzwa tarakimu kwa abjadi, zikajumlishwa, zikatolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kilichobaki kikawa ndicho nyota yake. Wa chati wana njia ndefu zaidi. Wanachukua matukio yenye tarehe, ndoa, msiba wa baba, kufukuzwa kazi, na kurudi nyuma nayo, wakijaribu saa hii na ile, hadi nyumba na miaka vikubaliane.

Kwa hiyo mtu wetu akiketi mbele ya mnajimu wa aina ninayoisema, hatatabiriwa kitu mara moja. Ataulizwa: kazini kulikuwa na nini mwanzoni mwa 2017? Akijibu kwamba hakukuwa na lolote, ule ulikuwa mwaka mzuri tu, swali la pili litakuwa juu ya ile saa saba mchana: nani aliiandika, na je, alitazama saa ya ukutani au alikisia baada ya mama kupumzishwa?