Isnadi ya Gitaa Kuukuu

Alasiri moja ya mwaka jana niliketi katika kibanda cha fundi redio huko Temeke, upande wa Tandika, nikimtazama akilifungua gitaa la umeme ambalo mwenyewe alitaka lirudishiwe upya wake. Na kwa kuwa fundi yule ni mtu wa taratibu, asiyeondoa skrubu moja kabla ya kuitafutia mahali pa kuiweka, nilipata wasaa wa kulisoma gitaa lile kama mtu asomavyo waraka wa kale, na kulitafakari jambo ambalo limenishughulisha kwa miaka mingi: ni kwa hesabu gani kipande cha mti chenye nyuzi sita, kilichotengenezwa Marekani mwaka 1959 na kuuzwa dukani kwa bei isiyofika dola 300, hununuliwa leo kwa dola laki kadhaa, ilhali chombo kilichochezesha watu dansi usiku baada ya usiku katika kumbi za Dar es Salaam huishia uvunguni mwa kitanda, kikingoja panya na kutu.

Gitaa lililokuwa mezani lilikuwa la Kijapani, la umbo la kuiga Stratocaster ya Fender, na jina lake lilikuwa limekwisha futika kichwani kwa mikono na jasho. Wajapani walianza kazi hii mapema, kwani kampuni ya Teisco iliasisiwa mwaka 1946, na kufikia miaka ya 1970 viwanda vyao vilikuwa hodari wa kuiga hata mwaka 1977 wenye Gibson wakawashitaki huko Marekani wauzaji wa Ibanez kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa, na mwaka 1982 Fender wenyewe wakaona afadhali kushirikiana nao kuliko kushindana nao, wakafungua Fender ya Japani. Magitaa ya mwanzo ya ushirikiano ule, yaliyodharauliwa zamani kuwa ni nakala, sasa yanatafutwa kwa bidii; na hili peke yake lingetosha kumwonya mtu asikitupe chombo kwa kuwa tu hakikuzaliwa penye jina kubwa.

Umri wa gitaa haujulikani kwa kuliangalia uso. Wajuzi wa magitaa ya Kimarekani hawaitegemei hata namba iliyopigwa katika bamba la nyuma, kwani mabamba yalichotwa sandukuni bila ya kufuata utaratibu, na la juu huenda likawa lilitengenezwa baada ya la chini. Hulitoa shingo katika kiwiliwili wakatafuta kwenye kitako chake tarehe iliyoandikwa kwa penseli au kupigwa muhuri. Kisha hufungua ndani wakasoma tarakimu zilizogongwa mgongoni mwa potenshiometa, kile kifaa cha kuongezea na kupunguzia sauti, ambamo 137 ni alama ya mtengenezaji aitwaye CTS, na tarakimu nne zinazofuata, mathalan 6512, ni mwaka 1965, juma la 12. Hata hapo mtu mwenye hadhari hatangazi hukumu, maana Fender walinunua shehena kubwa ya vifaa hivyo mwaka 1966 wakaitumia kwa miaka iliyofuata. Anachopata ni mpaka tu, kwamba gitaa haliwezi kuwa na umri zaidi ya kifaa chake kilicho kichanga kuliko vyote. Juu ya hayo yote huangaliwa lehemu: tone la kiwandani lisiloguswa huwa na mng'ao na umbo lake, na likishayeyushwa mara ya pili halirudi lilivyokuwa, kama vile muhuri wa nta uliokwisha vunjwa. Kwa wakusanyaji tone lile ni shahidi, na kuliyeyusha ni kumnyamazisha shahidi.

Soko la magitaa haya lilijengwa na mambo mawili, sauti za sahani na hofu ya kupotelewa. Gibson waliitoa Les Paul mwaka 1952, na ile ya rangi ya machweo waliyoitengeneza baina ya 1958 na 1960 haikupata wanunuzi wa kutosha, wakaliacha umbo lile. Vijana wa Uingereza na Marekani walipoziokota gitaa zile katikati ya miaka ya 1960, na sauti yake ikasikika katika sahani za Eric Clapton na wenzake, watu wakaanza kuzitafuta, na kiwanda kikalirudisha umbo lake mwaka 1968. Upande wa Fender, Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS mnamo Januari 1965 kwa dola milioni 13, na wapigaji waliposema kwamba kazi imeharibika tangu mwenyewe alipoondoka, mwaka ule ukawa kama mstari uliochorwa ardhini, magitaa ya kabla yake thamani na ya baada yake bidhaa. Kanuni zikafuata: gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza takriban nusu ya bei, lililovunjika kichwa na kuungwa vivyo hivyo.

Sasa mtu achukue kanuni hizo aje nazo Dar es Salaam, aone kama kitabaki kitu cha kuthaminiwa.

Sharti ikumbukwe kwamba katika muziki wa dansi wa mji huu mpiga gitaa aghalabu hakuwa mwenye gitaa. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, nayo ikabadili majina kadiri chama kilivyobadilika, ikawa Juwata, kisha OTTU, hata ikasimama yenyewe kwa jina la Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 ikimilikiwa na kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na kampuni ile ilipoanguka, mwaka 1983 bendi ikapokewa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, kama taipureta na makabati ya ofisini. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound akaunda mpya kwa kuwavuta wanamuziki wa Sikinde, miongoni mwao waimbaji Muhiddin Maalim na Hassani Bitchuka, mji mzima ukaona jinsi mtu awezavyo kuhama kwa usiku mmoja. Na mwanamuziki wa bendi ya shirika alipohama aliondoka na mikono yake na koo lake, gitaa likabaki stoo kumngoja mwingine. Chombo kimoja, kwa hiyo, kilipita katika mikono mingi, na kila mkono ukaacha alama.

Juu ya hayo kulikuwa na uhaba. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikuwa adimu mno hata kupata waya wa gitaa kukawa ni bahati, na hali haikulegea mpaka 1984, serikali iliporuhusu mtu aagize bidhaa kwa fedha za kigeni alizonazo bila ya kuulizwa alikozipata. Katika miaka ile gitaa lililokufa halikuzikwa. Lilifufuliwa kwa chochote kilichokuwapo, na hapa ndipo palipo na ilimu ambayo naiona tukufu.

Chukua mfano wa pikapu, kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Waya ule una unene wa milimita 0.063 hivi, nao huzungushwa karibu mara 8,000 katika pikapu moja ya Stratocaster. Jasho la mpigaji na hewa ya chumvi ya pwani yetu huula taratibu, ukakatika mahali pamoja pasipoonekana, na pikapu ikawa bubu. Fundi wa Dar es Salaam hakuwa na waya kama ule. Aliokuwa nao ni wa koili kuukuu ya redio au mota, tuseme wa milimita 0.1, na kwa kuwa nafasi ya kuzungushia haiongezeki, waya mnene mara moja na nusu hujaza nafasi ile kwa mizunguko 3,000 na kitu tu. Gitaa la Temeke lilikuwa hivyo hasa. Fundi alipoweka mita, pikapu ya kati, ambayo ingepaswa kusoma karibu omu 6,000, ilisoma chini ya 1,000. Mkusanyaji angesema imeharibiwa. Lakini mizunguko ikipungua, nguvu ya sauti hupungua na ukali wake hupanda, sauti ikawa nyembamba, nyangavu, yenye ncha; na sauti ya namna hiyo, katika bendi yenye solo, sekondi solo, ridhimu na besi kwa pamoja, ndiyo inayojipenyeza baina ya wenzake bila ya kumfunika mwimbaji. Sisemi kwamba fundi alikusudia, wala sidai kuwa kila sekondi solo tunayoipenda ilitokana na koili ya redio. Nasema tu kwamba lililoitwa dosari liliweza kuwa sehemu ya utamu, na kwamba anayeiondoa pikapu ile aweke mpya ya dukani hajui anatupa nini.

Pikapu ile ilikuwa imechovywa pia katika nta ya mishumaa. Dawa hii ni ya haki na viwandani hutumika: waya ukilegea hutikisika wenyewe mbele ya ampilifaya iliyofunguliwa sana, gitaa likapiga mluzi usiozimika, na nta huushika usitikisike. Pikapu mashuhuri za Gibson zilizobuniwa na Seth Lover na kuanza kufungwa katika magitaa mwaka 1957 hazikutiwa nta, na mkusanyaji akiikuta imetiwa hulia kama aliyefiwa; mpigaji wa ukumbi wa Kariakoo au Chang'ombe, mwenye watu mia kadhaa wanaongoja kucheza, angeikuta haikutiwa angeomba mshumaa.

Ipo alama nyingine ambayo nimeizoea kuitafuta kwanza, nayo ni mabonde ya freti, yale meno ya chuma yaliyopangwa shingoni. Mpiga ridhimu huzila za mwanzo, kuanzia ya kwanza hata ya tano, na hula upana wote kwa kuwa kidole chake hulala juu ya nyuzi zote. Mpiga solo huacha zile zikiwa nzima akazichimba za juu, toka ya saba hadi ya kumi na tano, chini ya nyuzi nyembamba tu. Gitaa la Temeke lilikuwa na mabonde ya namna zote mbili, ya chini yakiwa makongwe na laini, ya juu yakiwa na kingo kali bado. Kwa dhana yangu lilitumika kwa ridhimu miaka mingi, kisha likapandishwa daraja likapewa mpiga solo. Kile kidaraja kinachoshika nyuzi penye kichwa kilikuwa cha mpingo, kimekatwa kwa kisu, bila shaka kutoka kwa wachongaji kama wale wa Mwenge. Na mpingo, nalitaja hili kwa furaha, ni wa nasaba moja ya Dalbergia na mti ule mwekundu ambao Fender waliuweka shingoni mwa Stratocaster tangu 1959.

Basi tuulize tena habari ya bei. Juni 2019 huko New York nyumba ya mnada ya Christie's iliuza Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd kwa dola 3,975,000. Gitaa lile, alilolinunua mjini humo mwaka 1970, lilikwisha badilishwa shingo zaidi ya mara moja, likabadilishwa pikapu, likatobolewa, likazibwa, mtambo wa kuyumbishia nyuzi ukang'olewa ukawekwa mwingine kisha ukarudishwa wa kwanza. Kwa kanuni ya lehemu isiyoguswa lingekuwa mzoga. Lililolipandisha ni isnadi: kila badiliko lina mwaka wake, kila mwaka una sahani yake, na toka mkono hadi mkono hapana pengo, kama wanazuoni wetu wanavyoipokea hadithi kwa msururu wa wapokezi wanaojulikana. Kiraka chenye isnadi ni historia, na kiraka kisicho na isnadi ni uharibifu. Tofauti baina ya viwili hivi haimo katika mti wala katika waya, imo katika daftari.

Na magitaa yetu, kinyume cha watu wanavyodhani, yalikuwa na daftari. Kwa kuwa yalikuwa mali ya vyama na mashirika, yalihesabiwa kama inavyohesabiwa mali ya umma, yakaandikwa namba kwa rangi ya mafuta mgongoni, na namba ile ikaingizwa katika kitabu cha stoo. Ile namba nyeupe iliyochorwa kwa brashi, ambayo kila anayenunua hukimbilia kuifuta ili chombo kisionekane cha wizi au cha ofisini, ndiyo pete ya kwanza ya mnyororo.

Nilikuwa nikiyawaza haya fundi alipoligeuza gitaa kifudifudi, akachukua msasa.

"Fundi," nikamwambia, "hapo nyuma pana nini?"

"Madoa ya rangi, mzee wangu. Mwenyewe kasema ling'are."

Nikamwomba asubiri. Tukalipeleka mlangoni, tukaliinamisha mpaka jua la jioni likapita ubavuni mwake, na pale rangi ilipokuwa imekwisha toka, brashi ilikuwa imeacha kivuli katika vanishi: herufi mbili, mkwaju, na tarakimu nne. Herufi hazikusomeka. Nikaandika 1, kisha 0, kisha 7, fundi akizitaja na mimi nikizinakili nyuma ya risiti ya umeme. Ya nne ilikuwa upande ule aliokwisha uanza kabla sijafika, na pale mti ulikuwa mweupe na laini kabisa, hauna kitu.