Si Kila Doa ni Ugonjwa: Uhakiki wa Istilahi za Alama za Majani

Makala haya yanakusudia kuhakiki matumizi ya neno moja dogo, yaani doa, na wingi wake madoa, kama linavyotumika katika maandishi ya kilimo, ya bustani na ya shule. Huenda msomaji akashangaa kwamba neno la kawaida kiasi hiki linatengewa kurasa katika jarida la istilahi. Lakini waliozoea kazi hii wanafahamu kwamba istilahi ngumu haina madhara makubwa, kwa kuwa asiyeielewa huuliza. Yenye madhara ni ile ambayo kila mtu hudhani anaielewa.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida katika kata ya Malangali, mjini Sumbawanga. (Hatusemi Malangali ya Mufindi, yenye shule mashuhuri, na hapo hapo msomaji anaona jinsi jina moja liwezavyo kumpeleka mtu mahali sipo.) Barazani pana kopo lenye mmea wa jamii ya mkonge mwitu, ule wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye milia ya kijivu na kingo za njano. Kando yake panatambaa hoya, mmea wenye asili ya Asia na Australia ambao sasa hupandwa majumbani katika nchi nyingi. Majani yake ni manene na yametapakaa chembechembe za rangi ya fedha. Nyuma ya nyumba pana mahindi na maharage, kama ilivyo desturi ya uwanda wa juu wa Ufipa. Majani ya maharage yana alama za kahawia, na ya mahindi yana mistari myeupe. Mwenye nyumba akieleza hali ya mimea hiyo yote atasema neno lile lile: majani yana madoa. Akipata karatasi ya maelekezo atakuta madoa, na chini yake jina la dawa. Je, anyunyizie upi na auache upi?

Alama hizo kwa hakika si za namna moja. Katika mimea mingi yenye vipaku vya fedha, rangi hiyo hutokana na nafasi ndogo za hewa zilizo chini ya ngozi ya juu ya jani. Mwanga ukifika hapo hurudishwa, na jicho huona fedha badala ya kijani. Jani ni zima kabisa. Tena vipaku hivyo havilingani: jani moja huwa navyo vingi na jirani yake vichache, ingawa yote ni ya mmea mmoja. Alama za maharage ni jambo jingine. Kama zina pembe, kwa sababu zimezuiwa na mishipa ya jani zisienee kama duara, hizo ni kazi ya kuvu, na tishu iliyo ndani yake imekufa. Mistari ya mahindi nayo huweza kuwa ni ugonjwa wa virusi, unaochukuliwa na wadudu wadogo warukao majanini. Hewa, kuvu na virusi vimewekwa katika kapu moja.

Kasoro ya neno doa haiko katika umbo lake bali katika hukumu iliyomo ndani yake. Doa la nguo hufuliwa. Mtu akitiwa doa, heshima yake imepungua. Basi mwandishi asemapo kwamba jani lina madoa amekwisha kulihukumu kabla ya kulichunguza. Hali hii inasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba Kiswahili si maskini wa maneno katika jambo hili. Punda milia haitwi mgonjwa kwa sababu ya milia yake, wala kanga haombewi dawa ya vipaku vyake. Katika Nyanda za Juu Kusini wanunuzi huyatafuta maharage ya Kablanketi kwa jina, na nchini Kenya maharage ya Rosekoko hupendwa na marakaraka yake mekundu. Hakuna aliyeyaita maharage hayo yenye madoa kwa maana ya ubovu. Sokoni wenye lugha wanatofautisha vizuri. Sisi wa mezani ndio tunaochanganya.

Hata hivyo haki ya istilahi zilizofaulu lazima itolewe. Neno batobato, linalotumika kwa ugonjwa wa muhogo ulioelezwa kwa mara ya kwanza kisayansi hapa Afrika Mashariki mwaka 1894, ni istilahi njema. Halikufuata jina la kigeni neno kwa neno. Urudufu wake unachora sura ya jani lenyewe, kijani hapa na njano pale. Zaidi ya hayo neno hili limeshikamana na ugonjwa mmoja, hata mtu akilisikia hafikiri ua la barazani.

Hatuwezi kutoa sifa hiyo kwa michirizi kahawia, jina la ugonjwa mwingine wa muhogo, ambao H. H. Storey wa kituo cha Amani aliuandikia mwaka 1936. Jina hili ni tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza, ambalo lilitokana na michirizi ionekanayo kwenye shina bichi. Lakini katika majani ugonjwa huu huonyesha umanjano kandokando ya mishipa, hasa katika majani ya chini yaliyokomaa, na hauyakunji majani kama ufanyavyo batobato. Hasara yenyewe imo ardhini, katika mihogo iliyooza uozo mkavu. Mkulima huweza kuliona shamba limenawiri, akachimba akakuta hasara. Aliyeambiwa atazame michirizi ya kahawia atatazama majani, asiione, aridhike, kisha akate vipando ampe jirani. Hatushauri jina hili lifutwe, kwa kuwa limekwisha kuenea; tunashauri kwamba popote litajwapo, zitajwe pia dalili za jani na za mzizi.

Upande wa pili uko mtego wa kutohoa. Ule mmea wa baraza la Malangali una alama za namna mbili katika jani moja. Milia ya kijivu imo katika urithi wa mmea mzima. Kingo za njano hutokana na matabaka ya tishu yasiyokuwa na rangi ya kijani, yaliyokaa pamoja na matabaka yenye rangi hiyo. Ndiyo maana mtu akikata kipande cha jani akakipanda, miche itakayochipua itakuwa na milia lakini bila kingo za njano; akizitaka kingo hizo hana budi kugawa shina la chini. Wataalamu wa mimea huliita jambo hili kwa neno la Kigiriki ambalo likitoholewa kwa kanuni zetu linakuwa kimera. Lakini kimera tunacho tayari: ni nafaka iliyooteshwa, na katika nchi ya ulezi kama Ufipa kila mpika pombe anakijua. Mwalimu atakayeandika ubaoni kwamba jani lina kimera atachekesha darasa, na hatakuwa amefundisha. Kanuni ya utohozi ni nzuri, lakini sharti ipite kwanza mlangoni mwa maneno yaliyomo nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: tutumie neno moja kwa alama za asili na jingine kwa alama za ugonjwa, basi. Tunaiheshimu hoja hii, ila historia inatuonya. Katika Uholanzi ya karne ya 17, maua ya tulipu yenye michirizi yalinunuliwa kwa bei kubwa ajabu, hadi biashara hiyo ilipoporomoka mwaka 1637. Mwaka 1928 Dorothy Cayley alionyesha nchini Uingereza kwamba michirizi hiyo huambukizwa. Baadaye ilifahamika kuwa ni kazi ya virusi. Vivyo hivyo abutiloni, mmea wa mapambo wenye majani ya kijani na dhahabu, umependwa tangu karne ya 19 kwa sababu ya virusi vyake, ambavyo ni vya ukoo mmoja na virusi vya batobato. Ukoo huo huo wa virusi ndio uliovuruga mashamba ya muhogo nchini Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ukavuka hadi nchi jirani. Barazani ni pambo na shambani ni njaa. Kwa hiyo uzuri si ushahidi wa afya, na jina la sura lisijifanye jina la chanzo.

Kwa kuzingatia hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Baka (mabaka) liwe neno la kwanza la mchunguzi: sehemu yoyote ya jani iliyobadilika rangi, bila kusema lolote juu ya chanzo.

(b) Kipaku (vipaku) litumike kwa alama ndogo ya asili, na marakaraka kwa jani zima lenye rangi nyingi za asili.

(c) Doa libakie kwa mahali ambapo tishu imekufa au imeharibika.

(d) Mlia (milia) uendelee kutumika kwa mstari wa asili. Pale ambapo wakulima wamekwisha kuuzoea kwa mahindi, uandikwe daima ugonjwa wa milia, usiachwe peke yake.

(e) Jani lenye matabaka ya urithi tofauti liitwe jani la tishu mseto. Mseto ni neno ambalo mkulima na mpishi wote wanalijua, na maana haipotei.

(f) Maneno ugonjwa wa yasitangulie jina lolote la alama mpaka kisababishi kiwe kimejulikana.

Watafsiri wa karatasi za maelekezo tunawaomba waongeze sentensi mbili tu juu ya jina. Kipaku cha asili huzaliwa pamoja na jani, hukua nalo, hakitoboi wala hakikauki. Doa hutokea katika jani lililokuwa safi, hupanuka, na mara nyingi hukausha. Virusi kama vya batobato hujitokeza tangu jani likiwa changa, lakini aghalabu hulikunja na kulidumaza. Sentensi hizo hazimgeuzi msomaji kuwa mtaalamu, bali zinamwezesha kujua lini amwite ofisa ugani na lini aiweke akiba fedha yake ya dawa.

Baraza likipanga orodha mpya za kilimo na biolojia, tunashauri kila istilahi ya alama ya jani ipelekwe kwanza kwa wanaolima, na jani lenyewe likiwa mkononi, kabla ya kupelekwa kwenye kikao. Maneno ya wenyeji wa Ufipa na wa mikoa mingine juu ya rangi za maharage, ng'ombe na kuku yakusanywe, kwa sababu humo huenda mkawa na tofauti ambazo mapendekezo yetu hayajazifikia. Walimu, watafsiri na maofisa walio karibu na mashamba wanaombwa kututumia maneno hayo pamoja na maelezo ya kitu kinachotajwa, na yatajadiliwa katika kurasa hizi.